Fomu Imeniita Mgeni, na Mama Bado Hajui

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Taita, na nimeishi Ujerumani tangu 2009. Nimeolewa huku na tuna binti mmoja wa miaka 9. Barua za wenzangu nimezisoma hapa miaka mingi, sikudhani siku moja nami nitaandika.

Jumapili usiku nilikaa mezani jikoni na kompyuta, nikaanza kujaza fomu ya ruhusa ya kielektroniki ya kuingia Kenya, ile inayoitwa eTA. Mimi na mtoto tunakuja Desemba. Baba yake kazi imembana. Fomu hiyo nilikuwa nimeikwepa wiki nzima huku nikijiambia ni kazi ya nusu saa. Nikapiga picha ukurasa wa pasipoti, nikajipiga picha ya uso, nikaweka barua pepe. Palipoulizwa uraia nikachagua Ujerumani. Palipoulizwa nchi niliyozaliwa nikashuka na ile orodha ndefu hadi herufi K, nikachagua Kenya. Majina hayo mawili yakabaki pale kwenye kioo, nami mkono ukagoma kuendelea.

Binti yangu alikuwa kando yangu anapaka rangi. Akauliza ninafanya nini. Nikamwambia naomba ruhusa ya kwenda kwa nyanya. Akacheka: "Kwani nyanya amekataa?"

Niliifunga kompyuta. Sijaifungua tena ile fomu hadi leo ninapokuandikia.

Nikueleze nilifikaje hapa. Mwaka 2018 nilichukua uraia wa Ujerumani. Kazi niliyokuwa naitaka ilihitaji hivyo, na nilikuwa nimechoka kupanga foleni kila mara kuongeza kibali cha kukaa. Wakati huo watu wa nchi kama zetu walitakiwa kuachana kwanza na uraia wa zamani. Nikajaza karatasi za kuukana uraia wa Kenya katika ubalozi Berlin, nikarudisha pasipoti. Kitambulisho sikuwa nacho huku. Kilikuwa kwa mama, ndani ya bahasha ya kaki anamoweka vyeti vyetu vyote vya kuzaliwa, ubatizo na shule. Kiko humo mpaka leo.

Nyumbani sikumwambia mtu. Baba alikuwa hai, na alikuwa na neno lake alilokuwa akilirudia kila mara nilipopiga simu: "Zunguka dunia, lakini usibadilishe kwenu." Nikasema nitawaambia nikienda. Baba akafariki Juni 2020, wakati ndege za abiria za kimataifa zimesimamishwa. Nilimzika kwenye simu, kaka akiishika juu ya umati na picha ikikatikakatika. Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema?

Nilikwenda mara moja tu, 2022, kwa viza ya mtandaoni. Siku moja mama aliingia chumbani akakuta pasipoti nyekundu iko juu ya kitanda. Akaniuliza ni ya nani. Nikasema ya mtoto. Hakuuliza tena.

Sasa mwaka huu kaka mkubwa ameamua shamba letu la Wundanyi, kule Taita, ligawanywe. Mama ndiye anayesukuma. Amesema anataka kila mtoto, wa kiume na wa kike, awe na hatimiliki yake, na mimi sehemu yangu ni ile ya chini karibu na kijito, ambayo ndiyo anayoipenda yeye mwenyewe. Aliniambia kwenye simu: "Nataka nikuone umeishika mkononi kabla sijafumba macho." Mpima ardhi amepangiwa wiki ya pili ya Desemba. Kaka ameniagiza nije na kitambulisho na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi.

Binamu yangu mmoja, ambaye ndiye pekee ninayemwamini na siri hii, anasema ninajitesa bure. Anasema atakichukua kile kitambulisho kwa mama, anitumie picha, kisha anitumie chenyewe kwa mtu anayekuja huku. Kaunta ya ndege nionyeshe hicho, wakiona Mkenya hawaulizi eTA. Nikifika Mombasa nimwambie afisa pasipoti yangu ya Kenya iliisha muda. Na kwenye shamba nitie sahihi kama wenzangu. Anasema wengi wanafanya hivyo na hakuna aliyewahi kuulizwa.

Mume wangu naye haelewi tatizo liko wapi. "Ni fomu," anasema. "Ijaze."

Mama mshauri, ada ya ile ruhusa si kitu. Kinachonikaba ni kujiandikisha kwa mkono wangu kuwa mgeni wa mama yangu. Nikiijaza, naona kama nimesaini mara ya pili ile karatasi ya Berlin. Nikikitumia kitambulisho, naogopa. Nikimwambia mama kabla ya kuja, naogopa ataniambia nisije. Nikinyamaza mpaka siku ya mpima ardhi, sijui nitaficha vipi. Wakati mwingine nafikiri nimwachie kaka aandike sehemu yangu kwa jina lake, yaishe. Lakini shemeji yangu, mke wake, hatuelewani sana, na kaka ana kisukari.

Nifanyeje?

Mgeni Kwetu, Ujerumani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale binti yako alipouliza kama nyanya amekataa. Nitarudi kwa mtoto huyo baadaye.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Una fomu ambayo huwezi kuimaliza. Una kitambulisho cha zamani ambacho binamu anataka kikuvushe. Una shamba ambalo mama anataka kukupa kwa jina lako. Na chini ya hayo yote una jambo la miaka saba ambalo hukumwambia baba, na sasa hujamwambia mama. Umeyafunga yote kwa kamba moja, ndiyo maana ukigusa fomu unahisi umegusa kaburi la baba. Niruhusu niyafungue moja moja, hata kama mwishoni utaamua kuyafunga tena kwa namna yako.

Tuanze na fomu yenyewe, maana ndiyo nyepesi kuliko zote, ingawa kwako imekuwa nzito kuliko zote.

Mwaka 2022 ulipokuja, ulilipia viza ya mtandaoni. Nayo ilikuuliza uraia, nayo ilikuuliza ulikozaliwa, nayo ilikuhesabu mgeni. Uliijaza, ukapanda ndege. Kwenye Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 2023, Rais alitangaza kwamba Kenya inaondoa viza kwa watu wa nchi zote, na kuanzia Januari 2024 mahali pa viza pakakaa hii eTA, ambayo ilianza kwa ada ya dola 30. Kwa mtu kama wewe, mlango uliofungwa kwa ufunguo umebadilishwa ukawa mlango wa kubisha hodi. Kama kuna kilichobadilika, ni kwamba kimelegea. Sasa nijiulize nawe: kwa nini viza haikukuuma, na ruhusa hii ikakuuma hata ukafunga kompyuta?

Huenda jibu ni shamba. Mwaka 2022 hapakuwa na mtu aliyekuwa anakupa ardhi. Au huenda ni mtoto, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 6 na hakuwa anauliza maswali ya aina hiyo. Mimi sijui, wewe ndiye unayejua. Ila sidhani kama ni fomu.

Fomu ile haina habari na kwenu. Inauliza kijitabu gani utakachokiweka kwenye kaunta, basi. Anayeshika pasipoti ya Kenya haijazi, na mwenye kibali halali cha kuishi au kufanya kazi Kenya haijazi. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaijazi. Ndiyo, najua ulishaliona hili: Mtanzania kutoka Moshi anavuka pale Taveta bila kuulizwa, na wewe wa Wundanyi, kaunti hiyo hiyo, unaambatanisha picha ya uso na kusubiri. Inauma. Sitajifanya haiumi. Lakini maumivu hayo yametoka kwenye karatasi ya 2018. Wa eTA hawakuyaleta.

Kwa upande wa utaratibu nitapita haraka. Omba mapema, angalau siku 3 za kazi kabla ya safari, na afadhali zaidi ya hapo maana Desemba kila mtu anaomba. Mtoto naye anahitaji yake mwenyewe, hata angekuwa mchanga wa mgongoni. Tumia tovuti ya serikali yenye anwani inayoishia na go.ke, kwa sababu kuna madalali wa mtandaoni wenye kurasa zinazofanana nayo wanaolipisha mara mbili au tatu kwa kazi ileile. Kwenye sababu ya safari, kutembelea familia ni sababu kama nyingine na haina aibu. Na ujue kwamba ruhusa hiyo ni ya kupanda ndege na kujieleza; neno la mwisho la kuingia bado ni la afisa wa uhamiaji pale uwanjani.

Sasa binti yako. Umeandika jambo bila kujua umeliandika. Umesema ana miaka 9, na umesema uliukana uraia mwaka 2018. Basi alizaliwa wewe ukiwa bado Mkenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Chini ya Katiba ya zamani mama hakuwa na uwezo huo kwa mtoto aliyezaliwa nje. Baba tu ndiye aliyehesabiwa. Kwa hiyo, kwa maandishi ya sheria, yule mtoto anayepaka rangi kando yako ni Mkenya, na anayemwombea ruhusa ndiye asiye Mkenya. Kwa safari hii haitawasaidia, kwa sababu bila pasipoti ya Kenya mkononi ataingia kwa ile ya Ujerumani na eTA yake kama wewe. Lakini ni jambo la kuuliza ubalozini kwa utaratibu, na kulithibitisha kwa vyeti vyenye tarehe. Nimekuambia kwa sababu unazungumza kana kwamba kwa sahihi moja uliufunga mlango kwa wote watakaokufuata. Kwa huyu haukufungwa.

Tuje kwa binamu. Simdhanii mabaya. Anakupenda na anataka uje. Lakini nimechunguza ushauri wake na naona amechanganya watu wa aina mbili.

Ni kweli wako wengi wanaokuja na pasipoti ya nje na kitambulisho cha Kenya mfukoni. Wengi wao hawakuwahi kuukana uraia. Tangu 2010, Mkenya wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Anatakiwa tu kutoa taarifa. Wale kitambulisho chao kinasema kweli. Wewe ulitia sahihi, ukarudisha pasipoti, na karatasi zako zilikwenda kwa idara ileile ambayo yule afisa wa Mombasa anaifanyia kazi. Kitambulisho kilicho kwenye bahasha ya mama kinasema ulivyokuwa.

Kwa hiyo ukikitoa kaunta, unasema jambo ambalo si kweli kwa mtu ambaye ana njia ya kulihakiki. Inawezekana usiulizwe. Inawezekana pia kaunta ya ndege wakukatalie kupanda, ukiwa umesimama na mabegi na mtoto. Inawezekana ufike Mombasa, afisa aandike namba, kitu kisilingane, na uelezwe ukae pembeni kwenye benchi. Kutumia hati isiyo yako kisheria, au kutoa maelezo ya uongo ili kuingia nchini, ni kosa la jinai, na doa hilo litakaa kwenye faili lako siku utakapotaka kuomba jambo lolote kwa idara hiyo, likiwemo lile nitakalokueleza muda si mrefu. Binamu hatakuwa kwenye benchi hilo. Atakayekuwa hapo ni mtoto, naye anaelewa Kiswahili.

Na kuna jambo dogo jingine linalonikereketa. Ili kukichukua kitambulisho, binamu atalazimika kuifungua bahasha ya mama. Atamwambia nini?

Shamba sasa. Hapa nakuomba utafute wakili wa mambo ya ardhi, tena mapema, kwa sababu barua za ardhi zinazonifikia huwa zinaanza na neno "tulielewana tu kama ndugu". Mimi nitakueleza sura ya jambo. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi Kenya kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hata kama hati itaandikwa vingine, itahesabiwa kuwa ya miaka 99. Juu ya hapo, shamba la kilimo likihamishwa kutoka mtu hadi mtu hupitia bodi ya udhibiti wa ardhi, na sheria inaielekeza bodi ikatae pale anayepokea si raia. Kwa hiyo ukitia sahihi "kama wenzako", unaweza kuwa umeweka ufa katika mgawanyo wote, wako na wa ndugu zako. Leo mnaelewana. Watoto wenu wakija kugombana, wa kwanza kuuliza "huyu alikuwa raia?" hatakuwa serikali.

Ukimwachia kaka aandike sehemu yako kwa jina lake, umeondoa tatizo la uraia na kuingiza mengine. Wewe mwenyewe umeyataja: kisukari, na shemeji. Watu wengine hufanya hivyo wakaandikiana kwa wakili kwamba anaishika kwa niaba ya mwenzake. Wakili akuambie kama karatasi hiyo ingesimama kwa mtu asiye raia, maana mimi nina shaka nayo. Njia nyingine ni sehemu ya kijito kubaki kwa jina la mama kwa sasa, wenzako wakapata zao. Hatari yake ni kwamba mama ni mtu mzima, na akiondoka sehemu hiyo itaingia kwenye mirathi. Sikuchagulii. Nataka tu ujue kwamba hakuna hata moja kati ya hizi isiyo na gharama, na kwamba zote zinahitaji kaka ajue ukweli. Huwezi kumwomba mtu akushikie jambo ambalo hajui ni nini.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja, na sijui kama ni kwa sababu hujaisikia au kwa sababu umeisikia ukaiogopa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inampa Mkenya wa kuzaliwa aliyeacha kuwa raia kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine nafasi ya kuomba kuurudisha. Na upande wa pili, Ujerumani ilibadilisha sheria yake: tangu tarehe 27 Juni 2024 anayechukua uraia mwingine hapotezi wa Ujerumani, wala anayeingia halazimiki kuacha wa zamani. Ungekuwa unaomba leo, ile karatasi ya Berlin isingehitajika. Najua kuna machungu yake katika kulisikia hilo. Ulilipa bei ambayo wanaokuja nyuma yako hawaulizwi.

Lakini sikuambii ukimbilie. Jiulize unautaka uraia huo kwa ajili gani. Kama ni kwa ajili ya shamba peke yake, utaingia kwenye maombi, ada, vyeti na kusubiri, na huenda siku utakapoupata mgawanyo umeshapita. Kama ni kwa ajili yako, hata pasipo shamba, hilo ni jambo jingine na lina uzito wake. Uliza ubalozini, kwa maandishi, jinsi ombi linavyoshughulikiwa kwa mtu aliyetia sahihi ya kukana, na nyaraka gani zinatakiwa. Kwa vyovyote, sidhani kama litakamilika kabla ya Desemba hii. Ukija Desemba, utakuja kwa eTA, hata kama siku hiyohiyo ombi lako la uraia liko mezani kwa mtu Nairobi. Mambo hayo mawili hayapigani.

Sasa mama.

Unaandika kana kwamba unajua atakachosema. Neno la kubadilisha kwenu lilikuwa la baba. Mama, katika barua yako yote, hajasema kitu kama hicho. Alichosema ni kwamba anataka kukuona umeshika hatimiliki. Na kabla ya hapo, 2022, alikuta pasipoti nyekundu kitandani, akauliza ni ya nani, ukasema ya mtoto, na hakuuliza tena. Mwanangu, pasipoti ina picha. Sijui kama mama aliifungua baada ya wewe kutoka chumbani. Nawe hujui. Lakini miaka imepita na yeye ndiye anayewasukuma ndugu zako wakupe sehemu ile anayoipenda. Huenda hajui kitu. Huenda anajua, na hiyo ndiyo namna yake ya kukujibu.

Unaweza kumwambia kwa simu kabla ya kuja. Faida yake ni kwamba kaka atapata muda wa kumsogeza mpima ardhi, na mama atapata muda wa kukasirika bila wewe kuwa mbele yake. Hatari ni hiyo unayoiogopa, akate simu, na wewe usimwone uso. Unaweza kumwambia ukifika, siku za mwanzo, kabla wageni hawajajaa nyumbani. Hapo atakuona, atamwona mjukuu, lakini siku zitakuwa chache na mpima ardhi yuko njiani. Unaweza kumtanguliza mtu mzima anayemheshimu, dada yake au mzee wa kanisa. Hilo wengi wetu tunalipenda kwa sababu linapunguza makali, ila kuna wazazi wanaoumia zaidi wakisikia habari ya mtoto wao kwa mdomo wa mwingine. Mama yako ni wa aina gani, wewe unajua kuliko mimi. Njia pekee ninayoiogopa waziwazi ni ile ya kunyamaza mpaka asikie mbele ya mpima ardhi na majirani.

Ukifikia kusema, usianze na vifungu vya sheria nilivyokuandikia. Hivyo ni vyako na wakili. Anza na 2018, foleni za kibali, kazi, na kwamba ulikusudia kumwambia baba na hukuwahi. Hapo kwenye baba ndipo nadhani mzigo wenyewe ulipo, na mama naye alimzika mtu huyohuyo. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, usiukimbilie ukimya wake na maelezo.

Na kaka? Umesema ana kisukari na mke ambaye hamwelewani. Hujasema kama ni mtu wa siri. Kama ni mtu wa siri, labda yeye ndiye wa kwanza kupigiwa, kwa ombi moja tu: amsogeze mpima ardhi mpaka Januari, au aanze na sehemu za wenzako. Anaweza kukuuliza kwa nini hukusema mapema. Ana haki ya kuuliza.

Sijakuambia ufanye nini, na najua ulitaka nikuambie. Ninachoona ni kwamba fomu ile unaweza kuimaliza wiki hii bila kuamua lolote kati ya hayo mengine. Itakuuliza utafikia wapi. Nyumba ya mama yako haina namba wala jina la mtaa, andika kijiji na simu yake, na kama hauna uhakika wa namba anayoitumia siku hizi, itabidi umpigie kumwuliza.

Niandikie ukirudi, nami nitakusoma kwa hamu. Na kuna kitu kimoja hukukiweka kwenye barua. Binti yako alipouliza kama nyanya amekataa, wewe ulimjibu nini?